"Mbwa Mkali": Kibao Kinamwonya Nani?

Jioni moja mwezi uliopita nilikuta watu wamekusanyika kando ya uwanja wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam. Mtoto wa kike wa miaka mitano hivi alikuwa amemwendea mbwa aliyekuwa akitembezwa kwa kamba na kijana anayetunza bustani ya nyumba moja ya jirani. Alinyoosha mkono amguse kichwani, na mbwa akamng'ata mkono. Jeraha lilioshwa kwa maji na sabuni, kisha mtoto akakimbizwa zahanati. Watu wazima tulibaki tukibishana. Mzee mmoja alimlaumu mama: mtoto unamwachaje amsogelee mbwa asiyemjua? Wengine walimgeukia kijana: kamba ulikuwa umeishikaje? Mwenye mbwa alipofika, alisema kwa utulivu: "Jamani, kila mtu anajua mbwa wangu ni mkali. Hata getini nimeandika."

Nimeitafakari kauli hiyo tangu siku ile. Jirani yangu aliamini kwamba kwa sentensi moja amejivua lawama. Ukiifuata historia ya sheria kuhusu mbwa na majeraha wanayoyasababisha, sentensi hiyo hiyo ndiyo inayomtia hatiani. Naomba msomaji anifuate katika safari fupi, kwa maana swali la nani anawajibika mtoto anapomsogelea mbwa asiyemfahamu ni la kale kuliko dola nyingi tunazozisoma darasani.

Katika miaka ya 1940, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mabamba ya udongo mahali paitwapo Tell Harmal, ambapo leo ni sehemu ya jiji la Baghdad. Yaliandikwa sheria za mji wa Eshnunna, na yana umri wa takriban miaka 3,800. Kifungu kimoja kinamhusu mbwa hatari. Kinasema kwamba ikiwa wakuu wa mtaa wamemjulisha mwenye mbwa kuhusu hatari hiyo, naye asimdhibiti, na mbwa akamuuma mtu hata akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, malipo ni shekeli 15.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni mwelekeo wa onyo. Huko Eshnunna onyo lilitoka kwa mtaa likaenda kwa mwenye mbwa. Jamii ndiyo iliyomwambia: tumeona hatari nyumbani kwako, izuie. Tangu hapo mzigo ulikuwa wake. La pili ni bei. Sheria hiyo hiyo iliyomwajibisha mwenye mbwa ilipima pia thamani ya aliyeumizwa kwa cheo chake. Mambo haya mawili, yaani onyo linaelekezwa kwa nani na nani anahesabiwa kuwa na thamani, yamefuatana katika historia yote iliyofuata.

Warumi walikwenda mbali zaidi. Sheria ya Meza Kumi na Mbili, ya yapata mwaka 450 KK, ilimtaka mwenye mnyama aliyeleta madhara alipe fidia au amkabidhi mnyama huyo kwa aliyedhurika. Baadaye maofisa waliosimamia masoko na barabara walitoa amri iliyokataza kuweka mbwa, nguruwe mwitu, dubu au simba mahali ambapo watu hupita kwa kawaida. Mtu huru akijeruhiwa, hakimu alipanga fidia kwa kadiri alivyoona ni haki. Amri hiyo haikuuliza kama aliyeumizwa alikuwa mwangalifu. Iliuliza jambo moja tu: njia hii ni ya nani? Ikiwa ni ya umma, basi mwenye mnyama hakuwa na haki ya kuigeuza kuwa mahali pa hofu.

Ni kweli kwamba Warumi hao hao walikuwa na vibao vyao. Katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79 BK, kuna nyumba ambayo sakafu ya mlango wake imepambwa kwa picha ya mbwa aliyefungwa mnyororo, na chini yake maneno ya Kilatini yenye maana ya "jihadhari na mbwa". Lakini angalieni picha yenyewe: mbwa yumo ndani ya nyumba, na amefungwa. Onyo lilimhusu aliyevuka kizingiti. Halikumhusu mtoto anayecheza barabarani.

Uingereza, ambako sehemu kubwa ya sheria zetu ilitoka, ilichukua njia nyingine. Mahakama za huko zilijenga kanuni iitwayo kwa Kilatini scienter, yaani "kwa kujua". Mwenye mbwa aliwajibika ikiwa tu ilithibitishwa kwamba alijua mbwa wake ana tabia ya ukali. Watu wakaifanyia mzaha kanuni hiyo, wakisema kila mbwa wa Kiingereza ana haki ya kung'ata mara moja bila malipo. Aliyeng'atwa mara hiyo ya kwanza alibaki na jeraha lake.

Kisha likatokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa siasa angepaswa kulijua. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowaondolea wafugaji mzigo huo wa ushahidi. Mbwa akijeruhi ng'ombe au kondoo, mwenye mbwa alilipa, awe alijua ukali wake au hakujua. Sheria ya mwaka 1906 ikaendeleza msimamo huo. Lakini mbwa akimjeruhi mtoto, mzazi aliendelea kutakiwa athibitishe kwamba mwenye mbwa alijua. Kwa zaidi ya miaka 100 kondoo alikuwa na ulinzi bora mahakamani kuliko mtoto. Sababu haikuwa kwamba Waingereza hawakuwapenda watoto wao. Kondoo alikuwa mali, wenye mali walikuwa na sauti bungeni, na watoto wa mitaa ya kimaskini hawakuwa nayo. Hata Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971, iliyoandika upya kanuni hizo, haikuliondoa kabisa sharti la kujua.

Kanuni hizo zilikuja kwetu kwa meli ya ukoloni. Kenya ilipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hizo bado zimo katika sheria za nchi zetu. Pamoja na vitabu vya sheria kilikuja pia kibao. Kila aliyepita katika vitongoji vya Nairobi vilivyokuwa vya walowezi, au katika maeneo tuliyozoea kuyaita Uzunguni, anakifahamu: "Mbwa Kali". Mwalimu wa Kiswahili atawaambia kwamba hapo pana kosa, kwa kuwa mbwa ni kiumbe hai, naye huwa mkali. Kosa hilo ni alama ya mwandishi wake. Hicho ni Kiswahili cha walowezi, lugha ya kutoa amri jikoni na shambani, isiyojali upatanisho wa ngeli.

Swali linalonigusa zaidi ni hili: kwa nini mtu aliyezungumza Kiingereza nyumbani kwake, aliyealika wageni wanaozungumza Kiingereza, aliandika onyo kwa Kiswahili? Kwa sababu onyo halikuwahusu wageni wake. Liliwahusu wapita njia Waafrika: watafuta kazi, wachuuzi, watoto waliotumwa. Kwa maneno mawili mwenye nyumba aliugeuza mwelekeo wa onyo la Eshnunna. Si jamii tena inayomwambia mwenye mbwa adhibiti mnyama wake. Mwenye mbwa ndiye anayeiambia jamii ijidhibiti. Uhuru ulikuja, nyumba zikabadilisha wenyewe, kibao kikabaki. Tunakitundika wenyewe sasa, wengi wetu bila hata kusahihisha sarufi.

Kwa mantiki ya kanuni ya Kiingereza tuliyoirithi, kibao hicho hakimwokoi mwenye mbwa. Anayeandika "mbwa mkali" ametoa ushahidi kwamba anajua. Kile ambacho mdai angetafuta mashahidi kukithibitisha, mwenye mbwa amekipaka rangi nyekundu na kukipigilia misumari getini. Lipo shauri la Uingereza la miaka ya 1970, Cummings dhidi ya Granger, ambapo mwanamke mtu mzima aliingia usiku katika uwanja wa vyuma chakavu jijini London, akijua kuna mbwa wa ulinzi ndani, akajeruhiwa. Alishindwa katika rufani, kwa kuwa alihesabiwa kuwa amejitwika hatari hiyo kwa hiari. Lakini yule alikuwa mtu mzima, alijua, na aliingia mahali pasipo pake. Mtoto wa miaka mitano hajui kusoma, hana uwezo wa kukubali hatari, na alikuwa uwanjani, mahali ambapo ni pake kama palivyo pangu.

Kuhusu mtoto, mahakama za Kiingereza zilikwisha kusema jambo la maana mapema sana. Mwaka 1841, katika shauri la Lynch dhidi ya Nurdin, mkokoteni wenye farasi uliachwa barabarani bila mtu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka saba akaupanda kucheza, mwenzake akamwendesha farasi, mtoto akaanguka na kuvunjika mguu. Mwenye mkokoteni alidai kwamba mtoto alijitakia. Mahakama ilikataa. Mtoto alifanya yale ambayo watoto hufanya, na aliyeacha kishawishi njiani alipaswa kulitarajia hilo. Nasi tumekubali msingi huo katika sheria zetu za jinai. Tanzania haimhesabu mtoto aliye chini ya miaka 10 kuwa na hatia ya kosa lolote, na Kenya mwaka 2022 ilipandisha umri huo kutoka miaka 8 hadi 12. Itakuwa ajabu tukisema kwamba mtoto asiyeweza kutenda kosa anaweza kubeba lawama ya kung'atwa.

Najua nitaulizwa kuhusu wazazi, na swali hilo ni la haki. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Watu wa pwani waliwafunza watoto wao kukaa mbali na mbwa, kwa sababu ya unajisi wa mate yake katika madhehebu ya Shafi, na mafunzo hayo yalilinda mikono mingi. Kila mzazi amfundishe mwanawe asimguse mbwa asiyemjua, asimkimbie, asimsumbue anapokula, na aombe ruhusa kwa aliyemshika. Lakini wajibu wa mzazi hauondoi wajibu wa mwenye mbwa, na uzembe wa mzazi usigeuzwe adhabu ya mtoto. Uingereza iliwahi kufanya hivyo: katika shauri la mwaka 1858 mtoto alinyimwa fidia kwa sababu bibi yake aliyefuatana naye alizembea. Msimamo huo ulikataliwa mwaka 1933. Mtoto si sehemu ya mwili wa mlezi wake. Ni mtu mwenye haki zake.

Kwetu jambo hili ni la uhai. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Afrika na Asia, na kwamba watu 4 katika kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini tiba ya kuzuia ipo tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipoanza kumchanja mjini Paris mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa, naye akaishi. Inajulikana pia kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kwa hiyo kila mtoto anayekufa kwa kichaa cha mbwa leo anakufa kwa jambo ambalo watu wazima walishajua namna ya kulizuia.

Sheria ya kutumia tunayo. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 243 cha ile ya Kenya, kinamtia hatiani anayeacha kwa uzembe kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotazamiwa kutoka kwa mnyama aliye naye. Kinachokosekana ni mtu wa kulipeleka onyo mahali linapopaswa kwenda. Ndugu zangu watumishi wa umma, hapa naongea nanyi. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kufanya kile ambacho wakuu wa mtaa wa Eshnunna walifanya: kumwandikia mwenye mbwa mkali barua yenye tarehe na muhuri, kumtaka amchanje, amfunge, na asimtoe nje bila kizuizi cha mdomo na mtu mzima anayemmudu. Nakala ibaki ofisini. Siku mbwa huyo akimng'ata mtoto, hakuna atakayeuliza nani alijua.

Kuhusu tukio la mtaani kwetu, mama amekwisha kumpeleka mtoto kwa sindano zote alizopangiwa, kwa gharama yake. Kijana wa bustani aliachishwa kazi wiki iliyofuata. Mbwa yupo, na kibao kipo. Juzi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba iandikwe barua. Akaniambia kwamba katika miaka yote ya uongozi wake hakuna aliyewahi kumwomba jambo kama hilo. Tuliiandika pamoja, akagonga muhuri, nami nikamsindikiza kuipeleka.