Habari za Tabianchi Zataka Mjumbe Anayeaminika

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani na wazee wa mtaa tukisikiliza redio. Mtaalamu alikuwa akieleza kwamba joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5. Mzee mmoja, nahodha mstaafu, akanigeukia: "Mwanangu, nyuzi moja na nusu ndiyo nini? Asubuhi na adhuhuri hupishana zaidi ya hapo."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta kama kuna waliosomea kazi ya kufikisha habari hizi. Kumbe wako, na ni fani kamili.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Yale kina programu ya mawasiliano ya tabianchi tangu 2005, chini ya Anthony Leiserowitz. Mwaka 2007 Edward Maibach alianzisha kituo kama hicho katika Chuo Kikuu cha George Mason. Kwa pamoja walichunguza maoni ya Wamarekani, wakawagawa mafungu sita, kuanzia walioingiwa na wasiwasi mkubwa hadi wanaokataa katakata. Kwa hivyo, kabla ya kusema, jua unasema na nani.

Maibach hufundisha kwamba ujumbe uwe mwepesi, urudiwe mara nyingi, na usemwe na watu mbalimbali wanaoaminika. Mwaka 2010 jambo hilo lilijaribiwa mjini Columbia, jimbo la South Carolina. Jim Gandy, mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni, alitoa vipindi vifupi kuhusu tabianchi na mji wake, hata akaeleza jinsi mmea wa porini unaowasha ngozi unavyozidi makali. Watazamaji wake walielewa zaidi kuliko wa stesheni nyingine. Walikuwa wamemzoea.

Mwanasayansi Katharine Hayhoe wa Texas, ambaye ni Mkristo, huzungumza na waumini wenzake akianzia kwa wanayoyapenda: watoto, mashamba, imani. Kisha hutaja la kufanya, maana hofu isiyo na njia humfanya mtu azibe masikio.

Sisi tulionja hasara ya habari zinazogongana mwaka 2023. Idara ya Hali ya Hewa ilitabiri mvua kubwa za El Nino. Oktoba, Rais William Ruto akasema El Nino haitakuja tena kama ilivyotabiriwa. Novemba mafuriko yakaingia Tana River, Garissa na Mandera, na hapa Mombasa mitaa ikajaa maji. Nchi ilizika zaidi ya watu 100. Aliyekuwa ukingoni mwa Tana alisikia sauti mbili. Angeshika ipi, ahame au akae?

Mifano mizuri tunayo. Magharibi mwa Kenya, wataalamu wa Idara hiyo walikaa na wazee wa ukoo wa Nganyi, wajuzi wa mvua, wakalinganisha utabiri na kutoa kauli moja. Huku kwetu Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 huuza hewa ya ukaa, na pesa zake zimesaidia maji na shule. Anayechota maji hayo hahitaji mchoro kuelewa faida ya mkoko.

Rai yangu kwa kaunti zetu: khatibu wa Ijumaa, nahodha, mwalimu wa madrasa na wazee wa kaya wapewe utabiri mapema, kwa lugha ya kusi na kaskazi, kwa Kiswahili, Kimijikenda na Kipokomo. Watu huwasikiliza hao.

Nilirudi kwa yule nahodha. Nikamwambia, "Mzee wangu, mwili ukipanda nyuzi moja na nusu, huo ni ugonjwa wa kulala kitandani. Bahari nayo ina homa. Wakumbuka 1998, matumbawe yalipopauka?"

Akanyamaza kidogo. "Nakumbuka. Mwamba ulikuwa mweupe kama chokaa, na samaki wakapungua. Sasa mbona redioni hawasemi hivyo?"