Maji ya Pangani na Hesabu za Wachumi

Kabla Wajerumani hawajafika Kilimanjaro, Wachagga walikuwa wamekwisha kuchimba mifongo, yaani mifereji ya kupeleka maji kwenye migomba na ulezi. Ukoo uliochimba mfongo ulitangulia katika haki ya maji. Wengine waliingia kwa kushiriki kuuzibua na kuutengeneza, na asiyetokea siku ya kazi alitozwa pombe au mbuzi. Kwa hiyo wanaosema maji ya mlimani yalikuwa ya bure hadi serikali ilipoanza kutoza ada wanakosea: yalilipiwa kwa kazi.

Hesabu nyingine ililetwa na umeme. Kwenye Mto Pangani, unaopokea maji ya mlima huo, kituo cha Hale kilianza 1964, bwawa la Nyumba ya Mungu likafuata mwishoni mwa muongo huo, kisha 1995 kikaja kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68. Sheria ya 1974 ilikuwa imeyafanya maji yote kuwa mali ya taifa. Mchumi akipima mita moja ya ujazo, huona kwamba ikiachwa iteremke inazungusha mitambo ya vituo kadhaa, ilhali shambani hutumika mara moja, tena mfongo wa udongo unavuja. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, hasa watu walipoongezeka na mashamba yakashuka tambarare. Lakini sehemu ya maji yanayovuja huzama ardhini na kuibuka tena bondeni. Hesabu inayoyaandika yote kuwa hasara imekosea tangu mstari wa kwanza.

Tena kuna yasiyo na stakabadhi. Bwawa lilipodhibiti mafuriko, kinamasi cha Kirua kilipungua, pamoja na samaki na malisho yake. Na mto ukidhoofu, chumvi ya bahari hupanda kutoka mlangoni. Hata bei yenyewe hugeuka: mradi wa mpunga wa Moshi ya Chini, uliokamilika 1987, ulilipa vizuri kiasi kwamba wakulima wa juu waliuiga, wakachota Mto Rau, na mashamba ya mradi yakakosa maji.

Atasema mtu kwamba mila nayo haikuwa ya haki, kwani wanawake hawakuwa na sauti kwenye vikao vya mfongo. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuirekebisha, si ya kuikabidhi mita kazi yake. Sheria ya 2009 ilitanguliza maji ya majumbani na ya mazingira, na hivyo ikayatoa kwenye ushindani wa thamani kabla mchumi hajafungua daftari.