Rafiki wa mpelelezi na siri anazobeba

Mpelelezi wa hadithini ni nadra kutembea peke yake. Ubavuni pake huwapo rafiki, mtu mwema mwenye macho mazima, ila hajui kuunganisha anayoyaona. Wengi humwona mpambe tu. Kwangu mimi, ndiye chombo bora cha kuficha siri walichopata kubuni watunzi wa riwaya.

Rafiki huyo alizaliwa Philadelphia, Marekani, Aprili 1841, Edgar Allan Poe alipochapisha katika Graham's Magazine hadithi ya mauaji ya mtaa wa Morgue, Paris. Mpelelezi ni Dupin, lakini anayesimulia ni rafiki anayeishi naye, ambaye hata jina hakupewa. Lau Dupin angesimulia mwenyewe, fumbo lingekufa pale pale alipolifumbua. Akisimulia rafiki, msomaji anaonyeshwa kila kitu bila kuambiwa maana yake, na mwandishi hajasema uongo. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akamleta Daktari Watson kando ya Sherlock Holmes, na mtindo ukashika mizizi.

Wasomaji wakazoea kumwamini rafiki. Hapo ndipo Agatha Christie alipowapiga chenga, mwaka 1926, katika The Murder of Roger Ackroyd. (Anayetaka kukisoma kitabu hicho na aruke aya hii.) Msimulizi ni Daktari Sheppard, jirani wa mpelelezi Hercule Poirot. Usiku wa mauaji yuko chumbani na Ackroyd. Barua inaingizwa saa 2:40 usiku. Daktari anaondoka saa 2:50, na barua bado haijasomwa. Anasita mlangoni, anageuka nyuma, anajiuliza kama kuna jambo hakulikamilisha. Basi. Saa zote mbili zimeandikwa, dakika kumi za katikati zimerukwa, na katika dakika hizo msimulizi ameua. Ukirudi kusoma upya, huoni neno la uongo. Wapo waliolalamika kwamba wamechezewa rafu. Dorothy Sayers, mtunzi mwenzake, alimtetea: ni juu ya msomaji kumshuku kila mtu. Naungana naye kabisa, maana dalili ziliwekwa mezani.

Haki ya msomaji iliandikiwa hata sheria: mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyetunga riwaya za upelelezi, aliandika amri kumi za kazi hiyo. Moja ilidai mhalifu atajwe mapema. Nyingine ilimkataza rafiki wa mpelelezi kuficha wazo lolote linalompitia kichwani.

Rafiki huyo alifika kwetu kwa kalamu ya Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alishinda shindano la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko chake, anauliza maswali yanayoonekana hayana kichwa wala miguu, na rafiki yake Najum yuko pembeni akistaajabu pamoja nasi. Deni kwa Doyle liko wazi. Pazia, hata hivyo, ni la kwetu: maiti ya tajiri inakutwa mzimuni, na hofu ya mahali penyewe inawazuia watu kutafuta mkono wa binadamu. Abdulla hakuhitaji kuficha mengi. Aliiacha hofu ifanye kazi hiyo.

Namsifu Abdulla kwa uchungu, kwa sababu hadithi nyingi za mauaji ninazosoma sasa huficha kwa kukata tu. Simu inapigwa, jina halitajwi. Mtu anasoma ujumbe, hatuonyeshwi. Kisha ukurasa wa mwisho analetwa muuaji ambaye hatujapata kumwona. Huko ni kumnyima msomaji haki yake. Watunzi chipukizi, someni Mzimu wa Watu wa Kale mpaka mwisho, kisha rudini ukurasa wa kwanza mkiwa na penseli, mtie alama kila dalili aliyoiacha Abdulla wazi mbele yenu.