Tumbaku na wanafunzi: shule inavyoweza kumsaidia kijana asianze, na aliyeanza aache

Tukizungumzia tumbaku hewani, wasikilizaji wetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge hutuuliza: mnaisemaje vibaya tumbaku wakati ndiyo inayolipa ada na kuezeka nyumba zetu? Ni swali la haki. Makala hii haimhusu mkulima na zao lake. Inamhusu mwanafunzi wa darasa la sita au kidato cha pili anayeanza kuvuta, kubwia au kunusa tumbaku, na mambo ambayo shule na mzazi wanaweza kufanya.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Kati yao zaidi ya milioni moja hawakuvuta wenyewe. Walivuta moshi wa wenzao. Wavutaji wengi walianza kabla ya kutimiza miaka 20. Ndiyo maana shule ni mahali pa kuanzia.

Tumbaku inamfikiaje mwanafunzi?

Kwanza ni fegi moja moja dukani. Mtoto asiye na fedha ya pakiti nzima hakosi ya sigara moja. Pili ni ugoro na kuberi. Hivi havitoi moshi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kukaa navyo darasani bila mwalimu kujua. Wengi hudhani ni salama kwa kuwa havina moshi. Si kweli. Vina nikotini, vinaleta uraibu, na tumbaku ya kubwia husababisha saratani ya kinywa.

Tatu, kwa mikoa inayolima zao hili, ni shambani na kwenye bani. Jani bichi lenye umande au maji ya mvua hupitisha nikotini kwenye ngozi. Mtoto anayechuma majani hayo anaweza kupata kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na kutapika, hata kama hajawahi kushika sigara. Mzazi anaweza kudhani ni malaria. Akiugua baada ya kushika tumbaku mbichi, mtoeni shambani, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa sabuni na maji, kisha mpelekeni zahanati na mweleze alikuwa anafanya kazi gani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari.

Kwa nini kijana ananasa haraka?

Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi. Kwa hiyo ubongo wa kijana huizoea nikotini upesi kuliko wa mtu mzima. Kijana anayesema "navuta mara moja moja tu, nitaacha nikitaka" anaweza kuwa ameshaanza kunasa.

Vitisho na viboko havitoshi

Shule nyingi zina njia mbili tu: kuwatisha wanafunzi kwa picha za mapafu meusi, na kumchapa au kumfukuza anayekamatwa. Kijana wa miaka 14 haogopi ugonjwa utakaompata akiwa na miaka 50. Anachoogopa leo ni kuchekwa na wenzake. Na aliyefukuzwa shule anakwenda kijiweni, ambako fegi ziko nyingi zaidi.

Tafiti zilizolinganisha mafunzo ya shuleni katika nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa kutoa taarifa za madhara peke yake hakuzuii vijana kuanza. Kinachosaidia ni kuunganisha taarifa hizo na stadi za maisha: kujiamini, kufanya maamuzi, na kukataa mbele ya wenzako bila kugombana nao.

Stadi ya kukataa hufundishwa kwa mazoezi. Mwalimu awape wanafunzi igizo: mmoja anatoa fegi, mwingine anakataa, kisha wabadilishane. Majibu mafupi ndiyo yanayofaa: "Mimi situmii." "Nina mechi kesho." "Vuta wewe, mimi naondoka." Kijana aliyelisema jibu lake mara kumi darasani halipotezi akiwa kijiweni.

Wanafunzi kuwafundisha wanafunzi

Mpango mmoja uliopimwa vizuri ulifanyika Uingereza, magharibi ya England na Wales, katika shule 59 zenye wanafunzi 10,730 wa miaka 12 hadi 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walimu hawakuchagua viongozi. Wanafunzi wenyewe waliulizwa ni nani kati yao anayesikilizwa. Waliotajwa, hata watundu, walipewa mafunzo ya siku mbili nje ya shule. Kisha kwa wiki 10 walizungumza na wenzao kuhusu sigara katika mazungumzo ya kawaida, si kwa hotuba. Uwezekano wa wanafunzi wa shule hizo kuvuta ulikuwa mdogo kwa takribani asilimia 22 kuliko wa shule nyingine.

Funzo kwetu ni hili: usimchague kaka mkuu kwa sababu tu ana nidhamu. Mtafute yule ambaye akicheka, darasa zima linacheka.

Aliyekwisha kuanza asaidiweje?

Marekani kuna mpango wa vijana wa miaka 14 hadi 19 wenye vikao 10 vya kikundi. Misingi ya mipango ya namna hii haihitaji fedha nyingi, na mwalimu wa malezi anaweza kuifuata:

1. Iwe hiari na siri. Mwanafunzi akijua kukiri kwake kutamletea viboko, hatasema.
2. Aandike ni wakati gani anatamani: baada ya kula, akiwa na rafiki fulani, akiwa na mawazo. Akivijua vichochezi, atavikwepa.
3. Apange siku ya kuacha, na amwambie mtu mmoja anayemwamini.
4. Aandaliwe kwa arosto. Hasira, kukosa usingizi na kushindwa kutulia huwa vikali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Maji, mazoezi na kutafuna miwa au karoti husaidia.
5. Akirudia, asitukanwe. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kuacha kabisa.
6. Dawa za kusaidia kuacha asipewe bila ushauri wa mtoa huduma za afya.

Mweleze pia faida za karibu. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Wiki chache baadaye mzunguko wa damu unakuwa bora, na mbio uwanjani zinaonekana. Halafu pigeni hesabu pamoja: fegi 2 kwa siku ni 60 kwa mwezi, sawa na pakiti 3 za sigara 20. Hizo zingenunua madaftari mangapi?

Wajibu wa muuza duka na mzazi

Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18. Kamati ya shule na serikali ya kijiji wanaweza kukaa na wenye maduka ya jirani na shule na kukumbushana.

Mzazi naye asimtume mtoto kununua sigara, wala kumwambia amuwashie kwenye kaa la moto. Wengi wamevuta pafu la kwanza hapo. Kama wewe unavuta, mwambie mwanao ukweli: nilianza nikiwa kama wewe, na kuacha kumenishinda. Maneno hayo kutoka kwa baba yana uzito kuliko bango lolote la shule.

Tarehe 31 Mei kila mwaka ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Shule nyingi huadhimisha kwa nyimbo na maandamano, na ni vizuri. Lakini kijana hushawishiwa siku zote za mwaka, basi na mafunzo yawe ya mwaka mzima.