Walipoondolewa Wachungaji

Kila mwaka masika yanapokolea, sisi wa Bujonde hutazama milimani kabla ya kutazama mashamba yetu. Mvua inayonyesha Rungwe hutushukia sisi wa bondeni. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika, maji yakatapakaa, na mpunga ulioanza kuchanua ukalala matopeni. Mito hiyo ndiyo iliyotuletea udongo mzuri, nayo hiyo hiyo ndiyo hutunyang'anya mavuno.

Baada ya mafuriko ya mwaka mmoja tulikutana kwa sala ya jioni nyumbani kwangu. Kijana mmoja aliyepoteza shamba lake lote alisubiri wenzake waondoke, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mkisema tumtegemee Mungu, kesho asubuhi nishike nini mkononi?"

Nimefundisha miaka mingi, nikawa mkuu wa shule, na maswali ya wanafunzi hayakunitisha. Hili lilinishinda. Nilimjibu kwa maneno yaliyozoeleka, naye akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Nilijua kwamba sikumjibu. Usiku ule nilikumbuka habari ambazo babu yangu mzaa baba alikuwa akinisimulia, habari za kanisa letu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Ndugu msomaji, Injili iliingia Unyakyusa kwa njia ya ziwa. Mwaka 1891 Wamoraviani kutoka Ujerumani, na wenzao wa Misheni ya Berlin, walisafiri kupitia Ziwa Nyasa hadi upande wetu wa kaskazini. Waskoti wa Livingstonia, waliokuwa wametangulia upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walikuwa jirani zao. Safari ile ilikuwa na gharama. Georg Martin, mmoja wa Wamoraviani wanne wa kwanza, alifariki kwa homa mwaka huo huo. Waliobaki walianzisha kituo cha Rungwe, na baadaye wakashuka bondeni hadi Ipyana. Ilipita miaka zaidi ya mitano ndipo mtu wa kwanza akabatizwa na Wamoraviani Rungwe, mwaka 1897. Alikuwa mwanamke, Fyabarema, akapewa jina la Numwagire, maana yake "nimempata."

Kazi ilikua. Zilifunguliwa shule, watu wakajifunza kusoma kwa Kinyakyusa, na wakapatikana walimu na wazee wa kanisa miongoni mwa wenyeji. Hata hivyo, mambo makubwa yote yalibaki mikononi mwa wageni. Ubatizo, Meza ya Bwana, fedha na dawa vilikuwa vyao. Katika zaidi ya miaka ishirini hakuna Mwafrika hata mmoja wa upande wetu aliyekuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji.

Ndipo vita vikaja. Mwezi Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka Songwe, likapigana na Waingereza huko Karonga tarehe 9. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule ni ndugu, lugha zao husikilizana, na Mungu aliyeombwa kandokando zote mbili za mto ni mmoja. Babu alisema kwamba jambo hilo liliwachanganya kuliko milio ya bunduki. Wageni waliowafundisha kumpenda jirani walikuwa wakiuana mbele ya macho yao.

Mwezi Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey liliingia kutoka kusini, likauteka mji uliokuwa ukiitwa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, wakapelekwa kizuizini mbali na nchi hii. Wanaume wengi wa kwetu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na babu, wakati huo kijana wa shule, alikuwa mmoja wao. Baadhi ya waliofuatana naye hawakurudi. Vita vilipokwisha Novemba 1918, homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima ilikuwa imekwisha ingia hata vijijini, ikazika watu ambao bunduki haikuwagusa.

Hebu tuitazame hali ilivyokuwa. Hakuna mchungaji. Hakuna mshahara wa mwalimu. Dawa hakuna. Watoto wanazaliwa na hakuna mwenye daraja la kuwabatiza. Wazee wanakufa bila kushiriki Meza ya Bwana. Kama kulikuwa na wakati wa kusema Mungu ametuacha, wakati ndio huo, na babu alikiri kwamba wapo waliosema hivyo. Wengine walirudia mambo ya zamani.

Lakini kanisa halikufa. Nilipokuwa mtoto nilitaka kusikia muujiza, nikamuuliza babu: "Mungu alifanya nini?" Alinijibu kwamba Jumapili ilipofika, mwalimu aliyejua kusoma alisimama akasoma. Waliojua nyimbo waliimba. Wazee waliwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu, na akina mama waliwapelekea chakula wajane wa wapagazi. Waliokuwa wakifundishwa kwa ajili ya ubatizo waliendelea kufundishwa, ingawa hakuna aliyejua ni nani atakayewabatiza, wala lini. Wiki iliyofuata walifanya vile vile.

Nikiwa mtoto sikuridhika na hadithi hiyo. Nilitaka malaika afungue mlango wa gereza. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba kule kusimama kwa mwalimu asiye na mshahara, Jumapili baada ya Jumapili, ndiko kulikokuwa jibu la swali langu. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, wala haukuondolewa. Alichopewa ni neema ya kuishi nao. Wakristo wa Ipyana na Rungwe nao hawakuondolewa vita. Walipewa nguvu ya siku moja, na kesho yake ya siku nyingine.

Baada ya vita, walioanza kulichunga kundi hilo walikuwa Waskoti wa Livingstonia, watu wa taifa lililowafunga wamisionari wa Kijerumani. Wajerumani walianza kuruhusiwa kurudi mwaka 1925, na kufikia 1926 Wamoraviani walikuwa wamerejea Rungwe. Walikuta kanisa lililojua kwamba linaweza kusimama. Baadaye, katika miaka ya 1930, Waafrika wa kwanza wa nyanda hizi waliwekewa mikono kuwa wachungaji. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 na Wajerumani wakakamatwa tena, walikuwapo wachungaji wenyeji.

Sitaki kuipamba historia. Si wote waliobaki, na katika miaka ya 1920 wengine walijiunga na makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe na kuingia hapa kutoka Nyasaland. Sithubutu kusema kwamba hao walikuwa na imani ndogo. Vile vile sithubutu kumwambia aliyefiwa au aliyefilisika kwamba angeomba zaidi yasingempata. Wapagazi waliokufa njiani nao walikuwa wakiomba.

Mke wangu alipofariki, mimi mwenyewe nilikaa miezi kadhaa siwezi kuomba. Maneno yalikataa kutoka. Nilikwenda kanisani kwa sababu jirani yangu alipita mlangoni kila Jumapili akaniita, nami nikaona haya kumkatalia. Nilikaa kimya, wengine wakaimba kwa niaba yangu. Siku hizo nilijihesabu kuwa nimeanguka. Leo naona kwamba nilikuwa nimebebwa, na mkono ulionibeba ulikuwa na sugu za jembe.

Wahenga walisema Mungu si Athumani, na ni kweli. Lakini msaada wake mara nyingi huja kwa miguu, tena kwa miguu ya mtu ambaye naye amechoka. Kumtegemea Mungu si kukunja mikono tukisubiri maji yapungue. Wala si kujidai kwamba twaweza peke yetu. Ni kufanya leo lile lililo zamu yako, pasipo kuahidiwa kwamba utaona mwisho wake, na kumwachia Yeye sehemu isiyo yako.

Siku chache baada ya sala ile nilimwendea yule kijana, nikiwa na nusu debe ya mbegu. Nilimkuta na mkewe wakiondoa matope kwenye tuta la viazi. Nilimwambia: "Uliniuliza ushike nini mkononi. Shika hii. Na sehemu yako ikiota, mwenzako akikwama, umgawie." Alicheka kidogo, akaniuliza kama hilo ndilo jibu lote. Nilimwambia kwamba ndilo nililorithi kwa babu yangu. Kisha nikavua viatu, nikaomba jembe.