Kenge wa Komodo na Majina Yake

Wahenga walisema, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Methali hii niliikariri tangu utotoni, lakini niliitafakari vizuri ukubwani, niliposoma habari za mnyama wa kisiwa cha Komodo, huko Indonesia.

Wenyeji walimjua mnyama huyo tangu enzi za mababu zao, wakamwita ora. Wageni waliopita visiwa vile walisimuliwa habari za "mamba wa nchi kavu". Mwaka 1910, nchi hiyo ikiwa bado koloni la Uholanzi, Luteni van Steyn van Hensbroek, aliyekuwa na kituo chake katika kisiwa jirani cha Flores, alikwenda Komodo akampata mmoja mwenye urefu wa mita mbili na ushei. Picha na ngozi yake akazipeleka Java kwa Peter Ouwens, mkuu wa makumbusho ya wanyama mjini Buitenzorg, ambao leo huitwa Bogor.

Je, alikuwa mamba? La. Kenge ana ulimi uliogawanyika kama wa nyoka, mamba hana. Tena wataalamu wanatueleza kwamba kwa nasaba mamba yu karibu zaidi na ndege kuliko na kenge. Mwaka 1912 Ouwens akamtangaza mnyama huyo kuwa spishi mpya, akamwandika Varanus komodoensis. Neno la kwanza ni la jamii ya kenge wote, akiwamo huyu wetu anayetuibia mayai ya kuku, na asili yake ni jina la kenge kwa Kiarabu, waral. La pili maana yake ni "wa Komodo".

Vitabu vingi husema kwamba mnyama huyu "aligunduliwa" miaka hiyo. Msomaji wangu, waliomwita ora walikuwa hawajamwona?

Hapo ndipo dhamiri hunisuta. Nilipokuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo mtihani wa kutaja majina ya wanyama waliochorwa. Kijana mmoja aliandika jina la mtambaazi kwa lugha ya kwao, kwa mwandiko safi. Nikalikata kwa wino mwekundu, na mbele ya wenzake nikasema kwamba hilo si jina. Aliinamisha kichwa, hakujibu neno.

Lilikuwa jina. Wajibu wangu ulikuwa kumwongezea la pili, si kumnyang'anya la kwanza. Jina la Ouwens lilimwezesha msomi wa nchi yoyote kujua ni mnyama gani anayezungumzwa, wala halikumzuia mtu wa Komodo kumwita ora.

Kijana yule alifaulu masomo mengine, akapangiwa shule, akaenda kufundisha. Tangu hapo hatukuonana. Kila nikimkumbuka naomba jambo moja tu: asiwe amewafundisha watoto wale kama nilivyomfundisha mimi.