Pembe ya Mtemi na Haki ya Mkuki wa Kwanza

Tembo alipoangushwa katika pori la Unyamwezi miaka ya 1850, pembe zake tayari zilikuwa na wenyewe. Moja ilikuwa ya mtemi wa nchi ile. Ya pili ilikuwa ya wawindaji, na wao kwa wao walijua nani mwenye haki zaidi. Ngozi ya simba na ya chui nazo zilipelekwa ikulu, maana hao walihesabiwa kuwa wanyama wa utawala.

Tabora tunaisimulia zaidi kwa misafara. Tunakumbuka kwamba wasafiri Burton na Speke waliingia Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857 wakawakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga, na kwamba Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, karibu na hapo, mwaka 1872. Wapagazi nao wameanza kupewa heshima yao. Mwindaji bado amesahaulika, ingawa bila yeye usingekuwapo mzigo wa kubeba. Pembe iliyofika Bagamoyo ilianzia kwa watu waliolala porini wiki nyingi, na watu hao walikuwa na adabu yao.

Wawindaji wa tembo wa Unyamwezi walikuwa na chama chao, wayege. Mtu hakuamka tu asubuhi akashika mkuki akajiita myege. Aliingizwa, akafundishwa dawa, nyayo na miiko. Sifa yao ilivuka mipaka: Msiri, mtoto wa Usumbwa aliyekwenda Katanga miaka hiyohiyo ya 1850 kutafuta pembe na shaba, alisimamisha dola lenye makao yake Bunkeya, na watu wake mpaka leo wanaitwa Bayeke, jina linalotokana na chama hicho.

Pori la miombo halikuwa shamba la mtu. Wawindaji wa vijiji mbalimbali walilitumia pamoja, na pamoja nao walikuwamo warina asali, ambao mizinga yao ilining'inia mitini siku nyingi bila mlinzi. Lakini pori hilo lilikuwa na mtemi, na chini ya mtemi walikuwapo wanangwa, wakuu wa vijiji. Mgeni aliyetaka kuwinda alipaswa kujulikana kwao kwanza. Kupeleka pembe kwa mtemi kulikuwa kodi, ndiyo, ila kulikuwa pia njia ya kutangaza hadharani: nimeua mnyama huyu, mahali hapa, pamoja na hawa. Aliyeficha pembe alionekana ameficha na jambo lingine.

Swali gumu zaidi lilihusu mnyama aliyejeruhiwa. Tembo aliyechomwa mkuki au kupigwa risasi ya gobore haanguki palepale. Hukimbia, pengine siku nzima, akaingia katika njia ya wawindaji wengine, nao wakammaliza. Ni wa nani? Kwa wawindaji wengi wa Afrika Mashariki na Kati jibu lilikuwa kwamba mnyama ni wa aliyemtoa damu kwanza. Aliyemmaliza alipewa fungu lake la nyama, lakini hakuwa na ruhusa ya kujiita mwenye windo. Hapo mtu alilazimika kuwa mkweli. Anayefika na kumkuta mnyama ana jeraha la mtu mwingine anajua hana shahidi zaidi ya jeraha lenyewe, na anajua pia kwamba kesho jeraha litakuwa la kwake.

Swali hilohilo lilifika mahakamani New York mwaka 1805, katika kesi ya Pierson na Post. Post alikuwa akimkimbiza mbweha kwa mbwa wake katika ardhi isiyo na mwenyewe. Pierson akatokea, akamuua, akamchukua. Mahakama ilimpa Pierson ushindi, ikisema kumkimbiza mnyama pekee hakumpi mtu haki, mpaka awe amemkamata au amemjeruhi vibaya kabisa. Kesi hiyo bado inasomeshwa katika vyuo vya sheria vya Marekani. Yetu ilijadiliwa chini ya mti, mnyama akiwa bado hajachunwa, na haisomeshwi popote.

Adabu hii haikuvunjwa na wakoloni peke yao. Bei ya pembe ilipopanda na bunduki zikawa nyingi, watawala wapya walitaka zaidi ya heshima. Nyungu ya Mawe, aliyeiteka Ukimbu kusini mwa Tabora, aliweka mawakili wake, watwale, kazi yao kubwa ikiwa kukusanya pembe na kuzipeleka makao yake makuu, Kiwele. Mirambo naye, huko Urambo, alipigania njia na pembe zilizopita humo. Wote wawili walifariki Desemba 1884. Walikuwa viongozi hodari, lakini nathubutu kusema kwamba katika zama zao pembe ya mtemi iliacha kuwa salamu ikawa ushuru wa vita.

Kisha Mei 1896 gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga maeneo ya akiba. Waingereza waliendelea na mtindo huo. Kuanzia miaka ya 1920 wakawahamisha watu wengi wa magharibi mwa nchi kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale. Pori likabaki bila vijiji, na mwindaji hakuwa tena na mwanangwa wa kumpigia hodi. Mwaka 1963 utemi wenyewe ulifutwa. Aliyekuwa na jina la heshima porini akawa ama mwenye leseni, ama jangili.

Siitetei enzi ile kama pepo. Tembo wengi mno walikufa, na sheria ya kuhifadhi wanyamapori ilihitajika. Sheria ya leo, Namba 5 ya mwaka 2009, ina mambo mema: aliyejeruhi mnyama hatari hatakiwi kumwacha aende zake. Upungufu wake ni kwamba inasimama kati ya mtu na serikali. Kuhusu wawindaji wawili wanaokutana juu ya damu moja, haina mengi ya kusema.

Pori la Ugalla, lililokuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, limekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na uwindaji humo umekwisha. Lakini jirani zake, jumuiya za hifadhi za Ipole na Uyumbu, zinasimamiwa na vijiji vyenyewe, na huko wageni, askari wa vijiji, warina asali na wenye vibali hukutana katika pori moja kama zamani. Ndugu zetu wa kamati za jumuiya hizo wanaandika kanuni zao wenyewe. Wakiandika, wawaite wazee wa Sikonge, Urambo na Kaliua waliorithi simulizi za wayege, wawaulize nani alikuwa mwenye mnyama, nani alipewa nini, na mgeni alipiga hodi wapi, kisha majibu hayo yaingie katika kanuni. Wazee hao ni wachache, na kazi hiyo ifanyike mwaka huu.